Pimeni chaji ya pikipiki kabla ya kununua betri ya lithiamu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenye bodaboda, bajaji na jenereta wa Mtwara na Lindi, pamoja na wauzaji wa vipuri wanaowahudumia, juu ya betri za lithiamu za kuwashia injini. Maneno yanayoziuza ni matamu: nyepesi, haina maji, haiogopi baridi wala jua, ukishaifunga umeisahau. Sehemu ya maneno hayo ni kweli. Sehemu nyingine inamrudisha mteja dukani na betri iliyovimba, muuzaji na mnunuzi wakabaki kutupiana lawama, kumbe kilichoiua betri ni chaji ya pikipiki ambayo hakuna aliyeipima.

Kwanza tujue tunachonunua. Betri ya lithiamu inayofaa kuwashia injini ya volti 12 ina seli nne za fosfeti ya chuma, na kwenye lebo huandikwa LiFePO4. Kila seli ni volti 3.2, hivyo nne ni 12.8, na zikijazwa hufika 14.4 hadi 14.6. Hiyo ndiyo sababu inaoana na pikipiki, kwa kuwa rekitifaya nzima, yaani kile kifaa kinachodhibiti umeme wa chaji, hutoa kati ya volti 13.8 na 14.5. Betri za kuunda mtaani kwa seli za laptop ni kitu kingine kabisa. Seli hizo hujaa kwenye volti 4.2. Ukiunganisha tatu, mwisho wake ni 12.6, nayo pikipiki itazisukumia 14.4, yaani 4.8 kwa kila seli. Hapo unatafuta moto chini ya kiti, jirani na tangi la petroli. Ukiunganisha nne, mwisho wake ni 16.8, na chaji ya pikipiki haitazijaza hata nusu. Kwa hiyo lebo isipotaja LiFePO4, au betri isipokuwa na lebo, iacheni hukohuko dukani hata kama bei inavutia.

Sasa baridi, ambayo ndiyo hutajwa kwanza kwenye karatasi ya maelekezo. Mtu wa Mikindani au Kilwa anaweza kuuliza baridi inamhusu nini. Inamhusu pale anapoondoka pwani. Barabara ya Masasi na Tunduru inamfikisha Songea, na kutoka Songea anapanda hadi Njombe na Makete, ambako alfajiri za Juni na Julai majani huamka na barafu, hasa uwanda wa Kitulo. Pikipiki iliyowaka bila shida Mtwara jioni ya safari, huko juu saa kumi na moja alfajiri selfu (mota ya kuwashia injini) inazunguka nusu mzunguko na kunyamaza. Mwenyewe anahitimisha kwamba betri imekufa, naye fundi wa kwanza atakayemkuta anamuuzia nyingine.

Betri haijafa. Lithiamu ikipoa, ukinzani wake wa ndani hupanda, na nguvu ya kusukuma ampea nyingi kwa mkupuo hupungua. Lakini umeme unaopita ndani ya ukinzani huohuo huzalisha joto, na joto hilo huziamsha seli. Kwa hiyo asubuhi ya baridi usikimbilie selfu. Washa swichi, washa taa kubwa ya mbele, subiri dakika moja hadi mbili. Balbu ya kawaida ya wati 35 huvuta karibu ampea 3, na hizo zinatosha kuanza kuipasha betri ndogo. Taa ya LED ya wati 10 haifiki hata ampea moja, haitasaidia kitu. Mwenye LED abonyeze selfu sekunde 3, apumzishe sekunde 30, arudie. Jaribio la tatu au la nne huwa na nguvu kuliko la kwanza. Betri ya risasi, ile ya kawaida ya asidi, ni kinyume chake, kwani kila ukiibonyeza inazidi kuchoka, na anayeitumia njia hii kwenye risasi anajimalizia nguvu aliyobaki nayo.

Hatari kubwa zaidi ya baridi haiko kwenye kuwasha, iko kwenye kuchaji. Wakati wa kuchaji, lithiamu hutakiwa kuingia ndani ya kinywe (grafiti) kilichopakwa upande wa hasi. Ni madini haya haya ya kinywe tunayosikia habari zake kutoka Ruangwa. Chini ya nyuzi 0 lithiamu huingia humo kwa shida, na ikisukumwa kwa nguvu hujipaka juu ya kinywe kama ngozi ya chuma. Ngozi hiyo haiondoki. Kila inapoongezeka, ujazo wa betri unapungua moja kwa moja, na ikiota miiba inaweza kutoboa utando unaotenganisha chanya na hasi. Ndiyo maana karatasi husema betri inaweza kutoa umeme hata kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri lakini isichajiwe chini ya 0. Tatizo ni kwamba injini ikishawaka, inaanza kuchaji papo hapo, haimuulizi mtu. Betri kubwa za sola mara nyingi huwa na bodi ya ulinzi, ile mafundi wanayoiita BMS, inayokataa chaji ya baridi. Betri ndogo nyingi za pikipiki hazina kinga hiyo.

Dawa yake ni rahisi kwa sababu betri hizi ni nyepesi. Ile ya pikipiki ndogo haifiki kilo moja. Anayelala Makete aifungue usiku, aanze na waya wa hasi kisha wa chanya, alale nayo ndani ya nyumba. Asubuhi aifunge kwa kuanza na chanya. Betri yenye joto la chumbani itawasha mara moja, na itapokea chaji bila kudhurika.

Wala asidhani mtu kwamba risasi haina shida na baridi. Ikiwa imejaa haigandi kirahisi, lakini ikiwa imeisha maji yake huganda karibu na nyuzi 10 chini ya sifuri na kupasua kasha. Ile namba ya CCA inayoandikwa kwenye betri, yaani nguvu ya kuwashia kwenye baridi, hupimwa kwa nyuzi 18 chini ya sifuri: betri itoe ampea hizo kwa sekunde 30 bila kushuka chini ya volti 7.2. Kwa nchi kama Kanada na Finland namba hiyo ni uhai. Huko, kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, hakuna ujanja wa taa utakaotosha. Hutumia betri zenye hita ndani yake, au za lithiamu titaneti zinazovumilia chaji ya baridi, na huipasha injini yenyewe kabla ya kuiwasha.

Oili nayo ina sehemu yake, kwa kuwa selfu inazungusha injini iliyozama ndani ya oili. Namba iliyo kabla ya W ndiyo ya baridi: oili ya 20W hupimwa uzito wake wa kuwashia kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, 10W kwenye 25, na 0W kwenye 35. Ile 20W-50 inayotumika sana huku pwani ni sahihi kwa joto letu. Anayehamia Makete kufanya kazi aangalie kitabu cha pikipiki kama kinaruhusu 10W-40, kisha ahakikishe kopo limeandikwa JASO MA, maana oili nyingi za gari huteleza kwenye klachi ya pikipiki.

Nimekaa sana kwenye baridi kwa sababu maelekezo ya betri hizi yanasisitiza huko. Hapa kwetu zinauawa na mambo mengine.

La kwanza ni chaji iliyozidi. Betri ya risasi ikipewa volti 15 au 15.5 hulalamika taratibu: maji yanapungua, kasha linapata moto, inakufa baada ya miezi. Mwenye pikipiki anazoea kununua betri kila mwaka, hajui kwamba rekitifaya ni mbovu. Siku anayofunga lithiamu kwenye pikipiki hiyohiyo, moja kati ya mawili hutokea. Kama betri haina bodi ya ulinzi, seli hujaa kupita kiasi, zinavimba na kutoa moshi. Kama inayo, bodi hujifungia ghafla injini ikiwa inazunguka, umeme wa koili inayozalisha chaji unakosa pa kwenda, volti zinaruka, na balbu, CDI (kifaa kinachoipa plagi cheche) au rekitifaya yenyewe inaungua. Kwa hiyo kipimo kinatangulia ununuzi, na kinafanyika hivi.

Chukua mita ya kidijitali, iweke kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Betri iliyomo iwe nzima na imejaa, maana betri mbovu huvuta volti chini na kukuficha ukweli. Weka ncha za mita kwenye vichwa vya betri vyenyewe, si kwenye fremu. Washa injini, iache dakika tano ipate moto. Soma ikiwa kwenye mwendo wa chini bila kuvuta mafuta. Kisha vuta mafuta hadi mizunguko kama 4,000 au 5,000 kwa dakika, usome taa zikiwa zimezimwa, halafu zikiwa zimewashwa. Ukipata kati ya 13.8 na 14.5, pikipiki iko tayari kwa lithiamu. Chini ya 13.6 betri haitajaa kamwe. Tafuta koili iliyochoka au soketi iliyoungua. Ikipita 14.6, soma kwanza kikomo kilichoandikwa kwenye lebo ya betri. Ikipita 14.8, usifunge betri yoyote mpya mpaka chaji irekebishwe, hata hiyo ya risasi.

Usikimbilie kubadili rekitifaya kabla hujakagua waya. Chumvi ya bahari inakula viungio vyetu kuliko inavyodhaniwa, na si kwa wanaokaa Msangamkuu au Kilwa Kivinje peke yao. Kwenye rekitifaya yenye waya wa kuhisi, kutu ya kijani kwenye soketi inaifanya isome volti chache kuliko zilizopo, nayo inaongeza chaji ikidhani betri ina njaa. Fungua soketi, sugua kwa brashi ya waya, ongeza kubana kwa pini, paka grisi nyepesi. Ethi ya injini, yaani waya unaounganisha hasi ya betri na injini, ipimwe pia: ncha nyeusi kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyekundu kwenye chuma kitupu cha injini, kisha bonyeza selfu. Ikisoma zaidi ya volti 0.3, fungua nati ya ethi, piga msasa hadi chuma king'ae, kaza upya. Pikipiki nyingi zinazodaiwa kuwa na betri dhaifu hupona hapo.

La pili ni namba ya lebo. Betri ya lithiamu inaweza kuandikwa 7Ah (Ah ni ampea-saa, kipimo cha ujazo) kwa maandishi makubwa, na pembeni kwa herufi ndogo PbEq. Maana yake ni kwamba inawasha kama betri ya risasi ya 7Ah, si kwamba ina 7Ah ndani. Ujazo wa kweli huwa karibu theluthi moja. Tafuta Wh (wati-saa) kwenye lebo, ugawe kwa 12.8: yenye Wh 30 ina Ah 2.3 tu. Kwa kuwasha injini inatosha kabisa. Haitoshi kwa redio ya kijiweni, taa za urembo, wala kuchaji simu za abiria injini ikiwa imezimwa.

Hapo ndipo inapoingia GPS, kile kifaa cha kufuatilia pikipiki iliko, ya bodaboda za mkopo. Kifaa kinachovuta miliampea 30 mchana na usiku hula Ah 0.72 kwa siku. Betri ya risasi ya 7Ah iliyojaa itaisha baada ya siku tisa au kumi. Ile ya lithiamu ya Ah 2.3 baada ya siku tatu karibu haina kitu. Mtu akisafiri kwenda Dar es Salaam na kuiacha pikipiki wiki nzima, anairudia ikiwa chini ya volti 8, na seli zikishashuka hapo zinaharibika. Pima hivi: swichi ikiwa imezimwa, fungua waya wa hasi, weka mita kwenye ampea 10 kati ya waya huo na kichwa cha betri, usome. Usibonyeze selfu mita ikiwa katikati, utaunguza fyuzi yake. Pikipiki yenye GPS isiyotembea kila siku ibaki na betri ya risasi, au ichajiwe kila baada ya siku mbili.

La tatu linawahusu mafundi wenzangu. Tumezoea kusema betri yenye 12.6 iko fiti. Kwa risasi ni sawa. Kwa LiFePO4, 12.6 iliyopumzika ni betri inayokaribia kuisha. Iliyojaa na kupumzika husoma 13.3 au 13.4, kwenye 13.1 imebaki chini ya nusu kidogo, na kwenye 12.8 imebaki chini ya moja ya tano. Volti zake hazishuki taratibu. Zinakaa palepale muda mrefu, kisha zinaporomoka. Anayesubiri ione 12.2 ndipo aichaji amechelewa.

Chaja nayo iwe ya LiFePO4, inayoishia 14.4 au 14.6. Zile chaja za gereji zisizo na kikomo, na zile zenye mtindo wa kufufua betri za risasi kwa mapigo ya volti 15 na zaidi, zisiguse lithiamu. Betri iliyosoma kati ya 9 na 10 inaweza kurudishwa kwa ampea chache sana huku ukiigusa kuhakikisha haipati moto. Iliyo chini ya 8 usiifufue. Usibusti lithiamu iliyoisha kwa betri ya gari linalounguruma, na usichaji betri yoyote ya aina hii chumbani unamolala.

Kuhusu jenereta nina maoni tofauti na ya wauzaji. Jenereta inakaa mahali pamoja, wepesi wa lithiamu hauipunguzii mtu chochote. Tena chaji ya jenereta nyingi ndogo ni koili na diodi tu, haina kidhibiti. Volti hupanda kupita 15 betri ikishajaa, na risasi inavumilia kwa sababu ampea ni ndogo. Vivyo hivyo tundu la DC la volti 12 lililo mbele ya jenereta za petroli: halijadhibitiwa, lisitumike kuchaji lithiamu. Wekeni betri ya risasi kavu, iwe mbali na ekzosi, ipimwe kila mwezi. Mashine za kupulizia mikorosho zinavutwa kwa kamba, hazihusiki na habari hii.

Mwenye bodaboda inayotembea kila siku, yenye chaji iliyopimwa na isiyo na mzigo wa ziada, anunue lithiamu bila hofu; itawasha haraka na itaishi muda mrefu akiitunza, hasa akiiegesha kivulini miezi ya Novemba na Desemba. Ninachowaomba wauzaji wa Mtwara, Lindi, Masasi na Nachingwea ni kipimo cha dakika kumi kabla ya kupokea fedha, namba yake iandikwe kwenye risiti, na karatasi ya Kiswahili inayotaja volti ya mwisho ya chaji, Ah ya kweli na nyuzi joto za kuchajia. Shirika la Viwango Tanzania lingetaka mambo hayo matatu yawe kwenye kasha, mnunuzi angekuwa na pa kushikia. Na vyuo vya VETA vya Mtwara na Lindi vingeweka kipimo hiki kwenye kozi fupi za umeme wa pikipiki, vijana wangeanza kazi wakikijua.

Betri ya lithiamu iliyokufa isichanganywe na za risasi kwa wanunuzi wa chuma chakavu, kwa sababu huko hupasuliwa kwa nyundo kutafuta risasi, na seli ya lithiamu ikitobolewa huwaka. Vichwa vyake vifungwe kwa tepu ya umeme, iandikwe LITHIAMU kwa kalamu ya wino mzito, irudishwe kwa aliyeiuza, naye aipokee na kuihifadhi kwenye ndoo ya mchanga mkavu nje ya duka hadi apate msafirishaji wa taka za aina hiyo.

Fundi wa umeme wa injini ndogo,
Mtwara